Chuma Katika Damu ya Watoto

Binadamu alikijua chuma cha jembe na mkuki karne nyingi kabla hajakijua chuma kilichomo mwilini mwake. Katika karne ya 17 tabibu Mwingereza Thomas Sydenham aliwapa chuma wagonjwa waliopauka, nao wakapata nafuu, ijapokuwa sababu haikujulikana. Mwaka 1832 Mfaransa Pierre Blaud akatangaza vidonge vyake vya chuma. Kisha, katika miaka ya 1920, daktari Helen Mackay aliwachunguza watoto wachanga wa mashariki ya London. Akaonyesha ya kuwa wengi walipungukiwa damu kwa sababu maziwa yana chuma kidogo mno, na ya kuwa chuma kikitiwa katika maziwa hayo, damu huongezeka.

Kwa mafanikio kama hayo, ilikuwa rahisi kudhani ya kuwa chuma ni heri tupu kwa kila mtoto. Kisiwa cha Pemba kilitoa fundisho jingine. Huko malaria ilikuwa imeenea sana. Kuanzia mwaka 2002 maelfu ya watoto wa chini ya miaka 3 walipewa chuma na asidi ya foliki kila siku, na wenzao wakapewa vidonge visivyo na dawa. Mwezi wa Agosti 2003 chuma kilikomeshwa. Visa vya kulazwa hospitalini na vya kufa, vikihesabiwa pamoja, vilikuwa vimezidi kwa asilimia 12 kwa wale waliopewa chuma. Hata hivyo, katika kundi dogo lililopimwa damu na kutibiwa malaria kwa uangalifu, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma na wa damu tangu mwanzo walifaidika.

Kuhusu kukua, uchunguzi uliofanywa Indonesia na kutangazwa mwaka 1994 ulionyesha ya kuwa watoto wenye chuma cha kutosha, walipoongezewa kingine, uzito wao uliongezeka polepole kuliko wa wenzao.

Ndipo Shirika la Afya Duniani likashauri, mwaka 2016, ya kwamba pale ambapo upungufu wa damu umewapata watoto 40 au zaidi katika kila 100, wenye umri wa miezi 6 hadi 23 wapewe chuma kila siku kwa miezi 3 ya mwaka. Na penye malaria, kinga na matibabu yake yaandamane nacho.

Basi tabibu mwenye busara, kabla ya kufungua chupa, huuliza: mtoto huyu amepungukiwa nini, na amekingwa na nini?