Mvinyo, uraka na nipa: maneno ya kuonja na kupendekeza kinywaji

Anayependekeza kinywaji kwa mwenzake mara nyingi huishia kwenye maneno mawili: ni kitamu, au ni kikali. Katika mazungumzo hayo yatosha. Hayatoshi kwa mfasiri wa maelezo ya mvinyo, wala kwa mwalimu wa usindikaji, wala kwa kaya inayotaka kuuza chupa zake kwa mnunuzi asiyeijua. Makala haya yanafafanua msamiati huo kwa kutumia mfano wa mabibo, matunda yanayojaa mashambani mwa Chunyu, wilayani Ruangwa, na katika wilaya jirani ya Nachingwea wakati wa msimu wa korosho.

Majina ya vinywaji

*Mvinyo* (ngeli ya u-/i-: mvinyo huu, mivinyo hii) limetokana na Kireno *vinho*. Katika matumizi ya zamani neno hili lilihusu pia vileo vikali vya kukenekwa. Leo maana yake kuu ni kileo kilichotokana na maji ya zabibu au tunda jingine yaliyochachuka.

*Divai* (ngeli ya i-/zi-) limetokana na Kifaransa *du vin*. Ni kisawe cha mvinyo, lakini lina sauti ya kanisani: ndilo neno la Biblia katika habari ya harusi ya Kana. Katika maandishi ya biashara *mvinyo* ndilo lifaalo zaidi.

*Uraka* (ngeli ya u-) ni kileo cha maji ya mabibo yaliyochachuka bila kukenekwa. *Nipa* (ngeli ya i-), kusini mwa Tanzania, ni kileo kikali kinachopatikana kwa kukeneka mabibo yaliyochachushwa. Ni jamii moja na gongo.

Tofauti ya uraka na nipa si ya ladha tu. Kukeneka kileo bila leseni ni kosa kisheria, na kileo kilichokenekwa ovyo kinaweza kudhuru macho na hata kuua. Mfasiri anayeandika “pombe ya mabibo” kwa vyote viwili anamwacha msomaji asijue kama ameelezwa habari ya kinywaji chepesi au ya kile kinachoweza kumfikisha mtu mahakamani. Kwa hiyo taja jina mahususi kila inapowezekana.

Vitenzi na vinywaji vyake

Kila kileo kina kitenzi chake. Tembo la mnazi *hugemwa*, pombe ya nafaka *hupikwa*, mabibo na zabibu *hukamuliwa*, kisha maji yake *huchachushwa* na *kuchujwa*, nipa *hukenekwa*. Kusema “walipika mvinyo” ni kosa la maana, kwani mvinyo hauhitaji kupikwa. Mabaki ya tunda baada ya kukamuliwa ni *machicha*. Vumbi linalotuama chini ya chupa ni *mashapo*.

Kuligawa neno “kali”

“Uraka huu ni mkali” ni sentensi sahihi, lakini yaweza kuwa na maana tatu au nne. Anayeonja kwa ajili ya kupendekeza hana budi kuchagua neno moja kati ya haya:

*Ukali*: nguvu ya kileo chenyewe, ile inayochoma kooni. Neno hili liachiwe kazi hiyo tu.

*Ugwadu*: ladha ya tunda lenyewe, kama ya ndimu, ukwaju au embe bichi. Katika mvinyo ni sifa njema inapokuwa ya kiasi.

*Uchachu*: ladha inayoletwa na kuchachuka. Neno ni pana, na watu wengi hulitumia pia kwa ugwadu. Katika maelezo ya mvinyo inafaa kuyatenga: ugwadu hutoka shambani, uchachu hutoka chomboni. Ukizidi, husemwa kuwa mvinyo *umegeuka siki*.

*Ukakasi*: hali ya ulimi na ufizi kukazwa, kana kwamba mate yamekauka. Hii ndiyo alama ya bibo. Husababishwa na tanini, ambazo hupatikana pia katika chai kavu na maganda ya zabibu nyekundu. Wasindikaji huipunguza kwa kuchanganya maji ya mabibo na uji mwepesi wa wanga wa muhogo, kuacha yatuame, kisha kuyachuja. Waandishi wa habari hulitumia neno hili kwa sitiari (“mkataba huo una ukakasi”), lakini maana ya ulimini ingali hai.

*Uchungu*: ladha ya mwarobaini au kwinini. Isichanganywe na ukakasi: uchungu ni ladha, ukakasi ni mguso.

*Chunyu*: chumvichumvi hafifu, kama ile inayobaki mwilini baada ya kuoga baharini. Mfasiri anayekutana na mvinyo unaosifiwa kwa ladha ya chumvi ya mbali anaweza kulitumia: “mvinyo wenye chunyu mwishoni”. Kufanana kwa neno hili na jina la kata ya Chunyu kusichukuliwe kuwa ndiyo asili ya jina hilo.

“Mvinyo baridi” na “mvinyo wa nyanda za baridi”

Maneno haya hukosewa mara kwa mara katika tafsiri. *Mvinyo baridi* ni uliotolewa kwenye jokofu. *Mvinyo wa nyanda za baridi* ni uliotokana na zabibu zilizokomaa polepole katika nchi ya baridi, kama zile za bonde la Mosel nchini Ujerumani, karibu na latitudo ya 50 kaskazini, ambako familia nyingi hulima aina ya Riesling kwenye miteremko ya mawe. Zabibu za huko hubaki na ugwadu mwingi na sukari kidogo, kwa hiyo mvinyo wake mara nyingi huwa mwepesi wa kileo.

Dodoma hali ni nyingine. Mizabibu hukua katika nchi kame kiasi, mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huvunwa mara mbili kwa mwaka. Chunyu ni nchi ya joto zaidi, na bibo lililoanguka huanza kuharibika ndani ya siku moja au mbili. Hata hivyo, maji ya mabibo yana jambo moja linaloukaribia mvinyo wa baridi: sukari yake ni takriban sehemu 10 katika 100, hivyo yakichachuka bila kuongezwa sukari hutoa kileo cha karibu asilimia 6 tu. Mfasiri asiuite uraka wa namna hiyo “pombe kali”. Wepesi ndiyo sifa yake.

Neno jingine la kuangaliwa ni *mkavu*. “Mvinyo mkavu” ni tafsiri ya neno kwa neno ambayo humshangaza msomaji asiye wa fani. Sema *mvinyo usio na utamu*.

“Wa kienyeji” au “wa kaya”?

Kuku wa kienyeji ni sifa. Pombe ya kienyeji, katika masikio ya wengi, ni dharau. Neno ni moja, hukumu ni mbili. Kwa mvinyo wa wazalishaji wadogo tumia *mvinyo wa kaya* au *mvinyo wa familia*, ukitaja tunda na mahali. Jambo hili lina uzito kusini, ambako mkulima hulipwa kwa korosho peke yake, na bibo, lililo zito mara kadhaa kuliko korosho yake, mara nyingi huachwa lioze chini ya mkorosho. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, kimekuwa kikifundisha usindikaji wa mabibo kuwa juisi na mvinyo. Mafunzo hayo hutoa chupa. Mnunuzi wa mbali huifahamu kwa maneno yaliyoandikwa juu yake.

Mfano wa matumizi

Hafifu: “Ni mvinyo mzuri wa kienyeji, mkali kidogo, wa mabibo.”

Bora: “Mvinyo wa mabibo wa kaya, kutoka Chunyu. Rangi ya majani makavu, hauna mashapo. Harufu ya bibo bivu. Ugwadu wa kiasi, ukakasi mwepesi unaokaa ulimini, kileo kidogo. Unywewe ukiwa baridi, pamoja na samaki wa kuchoma, kabla ya mwaka kwisha.”

Pendekezo la pili halijasifu zaidi ya la kwanza. Limemwezesha msomaji kuamua kama kinywaji hicho kitamfaa, na limemtendea haki aliyekitengeneza.

*Tazama pia:* bibo, chachu, kanju, keneka, kileo, siki, tembo.