Maziwa ya Kopo na Gauni Jeupe: Stori ya Ushauri Uliowagharimu Watoto

Mama kijacho wa mjini hana uhaba wa washauri. Mama mkwe ana lake, shoga wa saluni ana lake, nesi wa kliniki ana lake, na yule dada mwenye wafuasi laki tano Instagram naye ana lake, tena lenye namba ya kulipia. Wote wanaongea kwa uhakika kabisa. Sasa kabla ya kumfuata yeyote, kuna stori moja ya zamani ambayo kila mzazi mtarajiwa anastahili kuijua. Inaanzia kwenye kopo la maziwa.

Kopo lilivyozaliwa

Mwaka 1867, katika mji mdogo wa Vevey huko Uswisi, mfamasia Henri Nestlé alianza kuuza unga wa watoto uliotengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe, ngano na sukari. Ulilenga watoto ambao mama zao hawakuweza kuwanyonyesha. Kwa mtoto aliyefiwa na mama, hiyo ilikuwa nafuu kubwa, na hadi leo kuna watoto wanaoishi kwa sababu maziwa ya kopo yapo. Kopo lenyewe halina kosa.

Shida ilianza pale kopo lilipotoka kuwa msaada wa wachache likawa bidhaa ya kila mama, na kusafirishwa hadi nchi ambazo maji ya bomba yalikuwa anasa.

Mtu wa mapema kupiga kelele alikuwa daktari mmoja mwanamke, mzaliwa wa Jamaika, aitwaye Cicely Williams. Miaka ya 1930 alifanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Huko aliona watoto wenye miguu iliyovimba na nywele zilizobadilika rangi. Hakujifanya anajua kila kitu. Aliwauliza wanawake wa hapo ugonjwa huo unaitwaje, wakampa jina la Kiga ambalo leo kila nesi wa Tanzania analijua: kwashakoo. Maana yake inahusu ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kwenye ziwa kwa sababu mdogo wake anakuja.

Wazee wa huku nao walikuwa na lugha yao ya jambo linalofanana na hilo: mtoto amebemendwa. Maelezo yao, kwamba chanzo ni tendo la ndoa wakati mama ananyonyesha, daktari wa leo hayakubali. Ila walichokiona kilikuwa kweli. Mimba ikiwahi, mtoto aliye mgongoni anaachishwa mapema na kuanza kudhoofu.

Baadaye Williams alihamishiwa Malaya, akakuta watoto wachanga wanalishwa maziwa mazito ya kopo yenye sukari na kufa kwa kuhara na utapiamlo. Mwaka 1939 alitoa hotuba Singapore iliyounganisha maziwa na mauaji hadi kwenye kichwa chake. Alitaka ushauri mbaya kuhusu kulisha watoto uitwe uuaji. Kwa wakati ule, mwanamke kusema hivyo mbele ya wakubwa wa mji ilikuwa noma.

Dada wa gauni jeupe

Ruka hadi miaka ya 1960 na 1970. Nchi nyingi za Afrika zimepata uhuru, miji inakua, na kina mama wengi zaidi wanajifungulia hospitali. Mama amejifungua jana, amechoka. Anaingia dada aliyevaa gauni jeupe kama nesi, anatabasamu, anamsifia mtoto, anamwachia kopo la bure. Mama anaamini ameletewa na hospitali. Kumbe dada ni muuzaji, ametumwa na kampuni.

Mbinu hii ilitumika Afrika, Asia na Amerika Kusini, na ilifanya kazi kwa sababu ya jambo moja la kimwili. Maziwa ya mama hutengenezwa kwa kunyonywa: mtoto akinyonya sana yanatoka mengi, akinyonya kidogo yanapungua. Mtoto akilishwa kopo la bure kwa wiki moja au mbili, ziwa linapunguza kazi. Kopo likiisha, mama anajaribu kunyonyesha, anaona maziwa hayatoshi, anahitimisha kuwa yeye "hana maziwa". Sasa anatakiwa kununua.

Hapo ndipo jiko linapoingia. Chumba kimoja cha kupanga, mkaa wa kupima, maji ya ndoo kutoka kwa muuza maji, sufuria moja inayopikiwa ugali na kuchemshiwa kila kitu. Maelekezo kwenye kopo yanasema chemsha maji, chemsha chupa, pima vijiko kamili, tupa yanayobaki. Kila hatua ni mkaa na pesa. Mama anaanza kubana matumizi: vijiko vinne vinakuwa viwili, kopo la wiki linakaa wiki mbili. Mtoto anakunywa maji meupe yenye vijidudu. Anahara, anakonda, anarudishwa hospitali ileile alikopewa kopo.

Na mama ndiye aliyelaumiwa. Aliambiwa hajui usafi, hajui kusoma maelekezo. Wachache waliuliza nani alimshauri, na aliyemshauri aliwahi kuliona jiko lake?

Kesi, mgomo na swali la maji

Mwaka 1974 shirika la Uingereza, War on Want, lilitoa kijitabu kuhusu biashara hiyo. Kikundi kimoja cha Uswisi kilikitafsiri kwa Kijerumani na kukipa kichwa cha moto: Nestlé inaua watoto. Kampuni ikaenda mahakamani. Mwaka 1976 wanaharakati walishindwa kwa sababu ya kichwa hicho, wakapigwa faini ndogo, lakini hakimu aliiambia kampuni ifikirie upya namna inavyotangaza bidhaa zake. Ushindi wa aina hiyo unauma kuliko kushindwa.

Mwaka 1977 mgomo wa kutonunua bidhaa za kampuni hiyo ulianza Marekani na kusambaa nchi nyingine. Mwaka uliofuata, Seneta Edward Kennedy aliwaita wakuu wa makampuni mbele ya Seneti. Aliuliza jambo rahisi: je, bidhaa hii itumike mahali pasipo na maji safi? Na je, ni wajibu wa kampuni kujua inatumikaje huko? Jibu alilopewa ni kwamba kampuni haiwezi kubeba wajibu huo.

Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni za Kimataifa za uuzaji wa maziwa mbadala. Nchi 118 ziliunga mkono, 3 hazikuelemea upande wowote, na moja tu ilipinga: Marekani. Kanuni hizo zinakataza kumtangazia mama maziwa ya kopo, kumpa sampuli za bure, kuwatuma wauzaji wakaongee naye, na kuweka picha za watoto wanene kwenye kopo. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2012.

Wakati huohuo, Iringa

Wakati dunia ikibishana kuhusu kopo, Tanzania kulikuwa na ushauri wa aina nyingine kabisa.

Kuanzia 1983, serikali kwa msaada wa UNICEF na WHO iliendesha mpango wa lishe mkoani Iringa. Watoto walipimwa uzito kijijini, mbele ya wazazi na viongozi wao. Mtoto akipungua, watu walikaa na kuuliza kwa nini. Mama anashinda shamba? Mtoto anakula mara ngapi kwa siku? Nani anabaki naye? Majibu yalitoka kwa watu walewale wanaoishi hapo. Kufikia 1988, utapiamlo mkali katika vijiji vya mwanzo ulishuka kutoka takriban watoto 6 hadi chini ya 2 katika kila 100.

Miaka hiyo pia wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walihangaika na tatizo la uji. Uji mzito mtoto hawezi kuumeza. Ukiongeza maji unakuwa laini, ila tumbo linajaa na nguvu hakuna. Dawa waliikuta kwa wapika pombe: kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Kijiko kimoja cha kimea kikikorogwa kwenye uji mzito unaanza kuwa mwepesi wenyewe, bila kuongeza tone la maji. Mtoto anakula chakula kingi kwa tumbo lilelile dogo. Mama hakuhitaji kununua kitu kutoka nje. Ulezi na mtama ulikuwa ghalani, na ujuzi alikuwa nao bibi.

Hakuna kampuni iliyopata utajiri kwa kimea. Labda ndiyo maana hakijawahi kuwa na tangazo.

Hata wenye nia njema walikosea

Ingekuwa rahisi kusema wabaya ni wafanyabiashara tu. Stori haiishii hapo.

Miaka ya 1980 ilijulikana kuwa VVU vinaweza kumfikia mtoto kupitia maziwa ya mama. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, mashirika makubwa ya afya yalikuwa yanaunga mkono maziwa mbadala kwa mama mwenye VVU. Nia ilikuwa safi kabisa. Botswana, nchi yenye pesa kuliko majirani wengi, ikagawa maziwa ya kopo bure.

Mwanzoni mwa 2006 mvua kubwa na mafuriko vikachafua maji. Ukazuka mlipuko wa kuhara na watoto wakafa kwa mamia. Wachunguzi walipopekua, kutonyonya ndiko kulikojitokeza kama hatari kubwa kuliko nyingine. Kopo lilikwepa kifo kimoja likafungulia kingine mlango.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kutoka Durban, Afrika Kusini, ulikuwa umeshaonyesha kitu kingine: kuchanganya maziwa ya mama na vyakula vingine mapema kulihusishwa na maambukizi mengi kuliko kunyonyesha maziwa ya mama peke yake. Na kwa mama wengi kuchanganya ndiyo hali halisi. Mkwe yupo sebuleni, majirani wanachungulia, mama asiyenyonyesha anaulizwa ana nini. Anampa mtoto chupa mchana na ziwa usiku ili asijulikane. Mtaalamu aliyeandika mwongozo ofisini hakuwa na mkwe sebuleni.

Mwaka 2010 WHO ilibadilisha msimamo. Mama anayetumia dawa za kufubaza virusi anaweza kunyonyesha, na dawa hizo hushusha sana hatari kwa mtoto. Leo hilo ndilo linaloelekezwa kwenye kliniki za Tanzania. Ila wapo kina mama walioachishwa ziwa kwa amri, wakazika, na hakuna aliyerudi kuwaomba radhi.

Leo: siku 84 na miezi 6

Turudi mjini, mwaka huu. Ushauri wa kitaalamu uko wazi na ni mzuri: mnyonyeshe mtoto ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, usimwage dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya njano, na kwa miezi 6 usimpe kingine, hata maji, labda dawa aliyoandikiwa. Baada ya hapo ongeza vyakula huku ukiendelea kunyonyesha hadi miaka 2 au zaidi.

Sasa piga hesabu. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 akijifungua pacha. Miezi 6 ni siku kama 180. Nani anajaza zile siku tisini na kitu? Sheria hiyohiyo inasema mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku. Saa 2 za mtu anayefanya kazi Posta na kukaa Chanika zinaishia kwenye mwendokasi na daladala. Na huyo ni mwenye mkataba. Mama lishe, dada wa kazi, muuza mitumba wa Karume hana hata hizo 84. Akilala ndani wiki tatu, genge limefungwa wiki tatu.

Kwa hiyo mama akionekana na chupa, watu wawe taratibu na midomo. Pengine anaumwa. Pengine maziwa yalikata. Pengine bosi wake alikataa zile saa 2. Kumwambia "nyonyesha" bila kuuliza anarudi kazini lini ni kufanya kosa lilelile la dada wa gauni jeupe, tofauti ni kwamba safari hii ushauri ni sahihi.

Ushauri unaosaidia unaanza na maswali. Kazini kuna kona ya kukamulia maziwa? Nyumbani kuna friji, au umeme unakata kila siku? Anayebaki na mtoto anajua kumnywesha kwa kikombe, ambacho ni rahisi kukisafisha kuliko chupa? Baba anajua sheria inasema nini, na yuko tayari kumsindikiza mkewe kwa bosi? Kama kopo halikwepeki, maji ya kuchemsha yapo kila siku, na pesa ya kopo la mwezi wa tatu iko wapi?

Bibi zetu walikosea mengi, na wataalamu pia. Lakini bibi aliyekuja kumkanda binti yake alikuwa na kitu kimoja ambacho dada wa gauni jeupe hakuwa nacho. Alilala kwenye nyumba ileile, akachota maji yaleyale, na mtoto akilia usiku aliamka yeye. Mtu akikupa ushauri kuhusu mwanao, mtazame usoni na umuulize: na usiku utakuwepo?