Land Rover 109

Land Rover 109 ni gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, lililotengenezwa Uingereza na kupewa jina kwa urefu wa inchi 109 (sentimita 277 hivi) kati ya ekseli zake. Aina ya Land Rover ilizinduliwa mwaka 1948. Bodi ni ya aloi ya alumini, isiyoshika kutu kirahisi. Chesesi ni ya chuma, na ndiyo inayooza kwanza.

Mnunuzi aliweza kuchagua injini ya petroli au dizeli ya lita 2.25, turubai, pikapu au bodi ya abiria, pamoja na paa la pili la kupunguza joto la jua. Kabla ya lami, magari ya aina hii yalibeba abiria na mizigo kati ya Songea na Tunduru, kusini mwa Tanzania, ambako masika yaligeuza njia kuwa tope.

Uhalisi wa 109 ni jambo la kupimwa kwa makini. Namba ya chesesi hutangulia ushahidi wote. Taa zilizo katikati, kando ya wavu wa rejeta, ni za matoleo ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960. Baadaye zilihamia kwenye madigadi. Wavu wa plastiki ni wa toleo la Series III, lililoanza mwaka 1971. Injini iliyobadilishwa hupunguza uhalisi, ingawa mara nyingi ndiyo iliyoliokoa gari. Uzalishaji wa Series III ulikoma mwaka 1985.