Kerneli Haiaminiki, Lakini Ndiyo Inashika Ploti

Kuna kazi moja ndani ya kompyuta ambayo ingekuwa ya binadamu, hakuna mtu angeikubali. Fikiria msimamizi wa ploti anaambiwa hivi: gawa nyumba, hamisha wapangaji, toa vitu vya watu nje ploti ikijaa, lakini usiwahi kuona kilicho ndani ya nyumba yoyote. Na wapangaji nao wameshaambiwa kwamba mshukiwa wa kwanza ni wewe. Hiyo ndiyo kazi Intel iliipa kerneli mwaka wa 2015.

Kerneli ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, iwe ni Linux ama Windows. Ndiyo hugawia kila programu kumbukumbu, yaani RAM. Kwa miaka mingi mambo yalikuwa rahisi: kerneli inaona kila kitu. Shida ni kwamba mdukuzi akiishika kerneli, naye anaona kila kitu. Na ukikodisha seva ya kampuni fulani, mwenye seva anaweza kuchungulia akitaka.

Sasa Intel ikaja na SGX, ikaiweka kwenye prosesa zake za Skylake. Programu inajitengea chumba cha siri kinachoitwa enklevu. Data ya chumba hicho ikiwa kwenye RAM imesimbwa, na inasomeka tu ikiingia ndani ya prosesa yenyewe. Kerneli ikijaribu kusoma, haipati kitu cha maana.

Poa. Lakini nani anagawa nafasi? Kumbukumbu ya enklevu ilikuwa ndogo sana: MB 128 zilizotengwa, na ukiondoa za hesabu za ndani, programu zilibaki na kama MB 93 hivi. Enklevu zote kwenye mashine ziligawana hiyo. Kwa hivyo lazima mtu aamue nani anakaa na nani anatolewa, na huyo mtu ni kerneli, ile ile isiyoaminika.

Suluhisho lao lilikuwa kali, lazima nikubali. Nafasi ikiisha, kerneli inachagua ukurasa wa kutoa. Prosesa inausimba, inaupiga muhuri na kuupa namba ya toleo, halafu kerneli inaubeba kama mzigo uliofungwa na kuuweka kwenye RAM ya kawaida. Ukirudishwa, prosesa inakagua muhuri na namba. Kerneli ikijaribu kurudisha nakala ya zamani, inakataliwa. Msimamizi anabeba sanduku lakini funguo hana.

Lakini wasee, msimamizi wa ploti hahitaji funguo ndio ajue maisha yako. Anaona taa ikiwaka, anaona saa unayotoka, anajua nani alikuja Ijumaa. Hata kabla chipu hizo zifike madukani, mwaka huo huo wa 2015, watafiti waliofanya kazi na Microsoft walionyesha hilo. Kerneli inaweza kufunga kurasa kwa makusudi, halafu iangalie enklevu inaomba ukurasa gani na kwa mpangilio gani. Kwa kufuata tu hayo maombi, walipata maandishi ya hati na hata michoro ya picha zilizokuwa zinashughulikiwa ndani. Hawakuvunja mlango wowote.

Wakati huo kulikuwa na vita ingine, na kwangu hiyo ndiyo muhimu zaidi. Viraka vya kuingiza SGX ndani ya Linux vilianza kuletwa 2016, vikiongozwa na Jarkko Sakkinen. Viliandikwa upya zaidi ya mara 40 kabla ya kukubaliwa. Vilitoka rasmi na Linux 5.11, Februari 2021. Miaka mitano!

Moja ya sababu ni swali la ufunguo. Mwanzoni, Intel ilikuwa na usemi wa mwisho kuhusu enklevu gani ingeruhusiwa kuanza. Yaani umenunua mashine kwa pesa zako, lakini kuna orodha ya wageni iliyoandikwa na fundi aliyejenga nyumba. Watu wa Linux walikataa. Walisema watakubali tu chipu ambazo mwenye mashine anaweza kubadilisha huo ufunguo. Chipu za zamani zisizoweza, ziliachwa nje ya Linux rasmi mpaka leo.

Kuna wale watasema huo ulikuwa ukaidi. Mimi naona walikuwa sawa, na historia imewatetea. Agosti 2018 ilitangazwa kasoro inayoitwa Foreshadow, iliyosoma data ya enklevu kupitia chipu yenyewe. Desemba 2019 ikafuata Plundervolt, ya kuchezea umeme wa prosesa mpaka ikosee hesabu. Yule mjenzi aliyetaka aaminiwe peke yake, kuta zake zilikuwa na nyufa.

Baadaye Intel iliondoa SGX kwenye prosesa za Core za kawaida, kuanzia kizazi cha 11, ikaiacha kwenye seva. Walionunua kompyuta mpya za Intel wakapata haziwezi tena kucheza diski za Ultra HD Blu-ray, kwa sababu ulinzi wa hizo filamu ulitegemea SGX. Kwa seva nako nafasi ilipanuka: prosesa za Xeon za 2021 zilifika GB 512 za enklevu kwa prosesa moja.

Hii si stori ya Marekani tu. Signal ilitangaza 2017 kwamba itatumia enklevu kulinganisha namba zilizo kwenye simu yako na watumiaji wake, bila yenyewe kuziona. Na kwa sababu walijua msimamizi anachungulia taa, waliandika programu yao iguse kumbukumbu kwa mpangilio usiofichua namba inayotafutwa. Namba ya mamako ikiwa kwenye simu hiyo, inalindwa na ujanja huo.

Kwa hivyo app ikikuambia data yako iko salama, usiridhike na hilo neno. Uliza salama dhidi ya nani, na ni nani anaamua kufuli ifunguke. Wale wa Linux waliuliza maswali hayo kwa miaka mitano na hawakuona haya kuchelewesha kampuni kubwa hivyo. Sisi tunabonyeza "kubali" kwa sekunde mbili.