Upole (adili la Kikristo)

Upole ni adili linalomwezesha mtu kutawala hasira yake na kumtendea mwenzake bila kumvunja moyo, hasa pale ambapo mtendaji ana uwezo, au hata haki, ya kutumia ukali. Katika Ukristo unahesabiwa kati ya matunda ya Roho Mtakatifu yaliyoorodheshwa na Mtume Paulo katika Waraka kwa Wagalatia (5:22-23), na wenye upole wanatajwa kati ya wenye heri katika Hotuba ya mlimani (Math 5:5).

Jina na maana

Kwa Kiswahili neno hili linahusiana na "pole", ambalo hutumika kumfariji aliyepatwa na shida, na likirudiwa humtaka mtu asiharakishe. Katika mazungumzo ya kila siku "mpole" mara nyingi ni mtu mkimya tu, asiyegombana na yeyote. Ndivyo mwanafunzi anavyoandikwa katika ripoti ya shule hata kama ukimya wake unatokana na woga.

Maana ya Biblia ni tofauti. Neno la Kigiriki linalotumiwa na Agano Jipya (praytes) lina asili moja na lile lililotumika kwa mnyama aliyefugwa, kama farasi: nguvu zake zote anazo bado, ila zinatii. Kabla ya Ukristo, Aristotle aliweka adili hilo katikati ya makosa mawili, yaani hasira iliyopita kiasi na hali ya kutokasirika kabisa hata panapostahili. Nyuma ya heri ya wapole kuna pia Zaburi 37:11, ambapo neno la Kiebrania linamaanisha watu wanyonge na wanaoonewa, ambao hawana tegemeo lingine isipokuwa Mungu.

Katika Biblia

Kitabu cha Hesabu (12:3) kinamsifu Musa kwa upole kuliko watu wote wa dunia, naye ndiye aliyemkabili Farao na kuzivunja mbao za sheria kwa hasira. Sifa hiyo imewekwa mahali maalumu: ndugu zake mwenyewe, Miriamu na Haruni, walikuwa wakimsema vibaya, naye hakujitetea. Baadaye Miriamu alipopatwa na ukoma, Musa ndiye aliyemwombea apone.

Yesu alijitaja mwenyewe kuwa mpole (Math 11:29), na aliingia Yerusalemu juu ya punda, si juu ya farasi wa vita, kulingana na utabiri wa nabii Zekaria (9:9). Hata hivyo alizipindua meza za wabadili fedha hekaluni. Tukio linaloeleza vizuri zaidi upole wake ni lile la usiku wa kukamatwa (Yoh 18:22-23): alipopigwa kofi na mtumishi mbele ya kuhani mkuu, hakurudisha kofi, lakini pia hakunyamaza. Alimtaka yule mtu aonyeshe kosa lake, au kama hakuna kosa, aeleze kwa nini amempiga.

Paulo aliwauliza Wakorintho kama wanataka aje na fimbo au na roho ya upole (1 Kor 4:21), akajilinganisha na mama anayewalea watoto wake (1 Thes 2:7). Aliagiza pia kwamba aliyeanguka katika kosa arekebishwe kwa upole, naye anayerekebisha ajiangalie asije akajaribiwa (Gal 6:1). Waraka wa kwanza wa Petro (3:15) unadai upole hata katika kutetea imani mbele ya wasioamini, jambo ambalo wahubiri wa mihadhara hulisahau kwa urahisi.

Matumizi mabaya

Adili hili limewahi kugeuzwa kuwa silaha dhidi ya wanyonge. Watumwa walihubiriwa upole na mabwana wao, na hadi leo mwanamke anayepigwa na mumewe huweza kuambiwa awe mpole na kuvumilia. Mafundisho hayo yanageuza mambo juu chini, kwa kuwa Biblia inadai upole kwanza kwa mwenye uwezo: kiongozi, mzazi, mwalimu, mwenye kushinda mabishano.

Katika historia ya Kanisa

Agostino wa Hippo kwanza alitaka Wadonato wa Afrika Kaskazini warudishwe kwa hoja tu; baadaye alikubali serikali itumie shuruti, na hoja zake zilitumiwa kwa karne nyingi na watesi wa wazushi. Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, aliuweka upole chini ya adili la kiasi, akautofautisha na rehema ya hakimu: upole unatuliza hasira iliyo ndani, rehema inapunguza adhabu inayotolewa nje.

Anayetajwa zaidi kama kielelezo ni Fransisko wa Sales (1567-1622), askofu wa Geneva aliyelazimika kuishi Annecy kwa sababu mji wake ulikuwa mikononi mwa Wakalvini. Wasimulizi wa maisha yake wanasema kwa hulka alikuwa mwepesi wa hasira, hivyo upole wake ulikuwa kazi ya miaka mingi. Mwaka 1594, akiwa padri kijana, alikwenda kuhubiri eneo la Chablais, ambalo wakazi wake wengi walikuwa Waprotestanti. Kwa kuwa hawakuja kumsikiliza, aliandika vikaratasi vya mafundisho na kuvisambaza nyumbani kwao. Ndiyo sababu mwaka 1923 Papa Pius XI alimtangaza msimamizi wa waandishi wa habari. Haki inadai kuongeza kwamba mwishoni mtawala wa Savoia alitumia pia mamlaka yake kuwashinikiza waliobaki, hivyo uongofu wa eneo lile hauwezi kuhesabiwa wote kuwa tunda la upole.

Katika kitabu chake kwa ajili ya walei, kilichotolewa mwaka 1609, baada ya sura kuhusu upole kwa jirani aliweka nyingine kuhusu upole kwa nafsi. Aliona kwamba mtu anayejikasirikia kwa sababu amekasirika anazidisha hasira badala ya kuiondoa, na kwamba toba tulivu inadumu kuliko ile ya ghadhabu.

Yohane Bosco (1815-1888) wa Torino, Italia, alichukua jina la askofu huyo kwa shirika aliloanzisha mwaka 1859, la Wasalesiani. Alisimulia kwamba akiwa na umri wa miaka 9 aliota anawapiga ngumi wavulana waliokuwa wakitukana, akaambiwa awavute kwa upole. Katika maandishi yake ya mwaka 1877 kuhusu malezi alikataa adhabu ya viboko, akitaka mlezi awe kati ya vijana, hata wakati wa michezo, ili kosa lizuiwe kabla ya kutendeka. Njia hiyo ni ngumu kuliko fimbo, kwa sababu inadai muda wa mlezi. Wasalesiani walifika Katanga, Kongo, mwaka 1911, na mwaka 1980 wakaanza kazi Tanzania na Kenya, ambako wana shule na vyuo vya ufundi.