Choo kikijaa, nani analipa?

1/ Kila kampeni zikianza, mjadala wa vyoo vya mitaa ya mabanda unarudi palepale. Kambi moja: "Serikali ijenge, tena bure." Kambi ya pili: "Watu wajitegemee, waache kungojangoja." Mimi naona kila kambi imeshika nusu ya jibu. Nusu zote mbili zilikutana Karachi, Pakistan. Twende polepole.

2/ Mwaka 1980, Orangi ulikuwa mtaa mkubwa usio rasmi pembeni mwa Karachi. Watu walitumia vyoo vya ndoo au mashimo, na maji machafu yalipita mlangoni. Mzee Akhtar Hameed Khan akaanza kuzunguka vichochoroni akiuliza: mbona hamtengenezi? Jibu lilikuwa lilelile la kwetu: hiyo ni kazi ya serikali.

3/ Shida ya kwanza ilikuwa bei. Kwa bei ya kontrakta, mtu wa Orangi hangeweza kulipa. Basi Khan na wenzake wakachora mfumo rahisi zaidi, wakamtoa kontrakta katikati. Gharama ikashuka mpaka familia ya kawaida ikaweza kuchanga.

4/ Shida ya pili ilikuwa kuaminiana. Kwa hivyo hawakuanza na mtaa mzima, walianza na kichochoro: nyumba kama 20 au 30. Watu wanachagua mtu wao, wanachanga, na pesa wanashika wenyewe. Mradi ulitoa ramani, vipimo, makisio na vifaa vya kuazima. Kichochoroni mnajuana. Mwenye hajachanga anajulikana, na mwenye amekula pesa pia.

5/ Haikuwa mteremko. Kuna kazi za mwanzo zilizoharibika, zege likachanganywa vibaya, wakarudi kufunza watu upya. Lakini baada ya muda, vichochoro vilivyojitengenezea mabomba vilifika maelfu.

6/ Sasa kambi ya "wajitegemee" isikilize. Bomba la kichochoro linamwaga wapi? Majirani hawawezi kuchanga wajenge mtambo wa kusafisha maji taka. Kwa hivyo kazi ikagawanywa: choo, bomba la kichochoro na bomba la kukusanya ni la wananchi, bomba kuu na mtambo ni la serikali. Kila upande ukajua deni lake.

7/ Na wakaenda kudai wakiwa na ramani mkononi. Perween Rahman, msanifu majengo aliyeongoza kazi hiyo kwa miaka mingi, aliuawa kwa risasi Karachi mwaka 2013. Alikuwa pia ameandika kuhusu wizi wa maji na unyakuzi wa ardhi. Msidhani siasa ya choo ni ndogo.

8/ Lakini tusiige kipofu. Orangi, wengi waliishi kwenye nyumba zao. Mitaa ya mabanda ya Nairobi, wengi ni wapangaji. Nani atachanga bomba leo, halafu kesho mwenye ploti apandishe kodi au amfurushe? Bila uhakika wa kukaa, hakuna mchango.

9/ Nilikokulia tulijengewa choo, kikazinduliwa kwa utepe na ngoma. Kilipojaa, hakuna aliyejua nani analipa kukinyonya. Kikapigwa kufuli, sisi tukarudi kwa makaratasi ya usiku.

10/ Kwa hivyo mwenye anakuja kuomba kura usimuulize atajenga vyoo vingapi. Muulize: kikijaa, uchafu unaenda wapi, na nani analipa? Akinyamaza, ujue amekuja kukata utepe tu.