Shabiki Aliyegeuka Mwandishi

Katika mijadala ya elimu nchini mwetu kuna kauli inayorudiwa mara kwa mara, kwamba vijana wanaoshabikia riwaya za majini, wachawi na nchi za kubuni wameambukizwa ugonjwa wa kigeni, na kwamba ushabiki huo hauna faida kwa taifa. Historia ya fasihi yetu inaikanusha kauli hiyo.

Mwaka 1929 Frederick Johnson na Edwin Brenn walichapisha kwa Kiswahili hadithi za Alfu-Lela-Ulela. Vilikuwa vitabu vya enzi ya ukoloni, vilivyoandaliwa kwa mahitaji ya shule za wakati huo. Mwaka 1940 ikafuata Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya kisa cha Lewis Carroll, ambamo Elisi alichorwa akiwa msichana wa Kiafrika. Watawala walikusudia kueneza Kiswahili sanifu. Msomaji, kwa upande wake, alikuwa na makusudi yake.

Mmoja wa wasomaji wa zama hizo alikuwa Shaaban Robert, karani wa serikali. Alitumikia Idara ya Forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944, na baadaye ofisi ya wilaya ya Tanga. Akiwa bado karani alitoa Kusadikika mwaka 1951, kisa cha nchi iliyoko angani, na Adili na Nduguze mwaka 1952, kisa cha majini na ndugu waliogeuzwa manyani. Wahakiki wamekwisha kuonyesha kwamba hadithi hii ya pili ina asili yake katika mojawapo ya visa vya Alfu-Lela-Ulela. Alikipokea kisa cha watu wengine, akakivika maadili na lugha yake, kikawa chetu. Leo kijana akifanya hivyo kwa riwaya anayoipenda, tunamwita mwigaji.

Tena nchi ya angani haikuwa kimbilio la mtu anayeyakwepa maisha. Katika Kusadikika, Karama anashtakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu uanasheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi za mbali na kulipwa kifungo. Mtumishi wa serikali ya kikoloni asingeweza kuyasema hayo waziwazi kuhusu Tanganyika. Njozi ilimpa mahali pa kuyasemea.

Hapa Visiga ninapoishi, vijana wa sekondari huniletea madaftari yao. Wengi wamesoma habari za Harry Potter kwenye simu, kwa nakala zisizomnufaisha mwandishi wala mchapishaji. Katika madaftari hayo, hata hivyo, shule ya uchawi imehamia chini ya mikorosho, mlango wake umefichwa kando ya barabara ya Morogoro, na mwalimu mkuu wake hudai michango. Binti mmoja aliniambia kwamba daftari lake la kwanza lilichanwa mbele ya darasa kwa sababu halikuwa la somo. Ameanza la pili, lakini hulificha.

Si mbali na hapa, pale Tumbi, lipo Shirika la Elimu Kibaha, lililotokana na makubaliano ya mwaka 1963 kati ya Tanganyika na nchi za Nordiki, na likakabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Mwaka huohuo wa 1963 ndipo ilipotungwa sheria ya kuanzisha huduma za maktaba nchini. Viongozi wa wakati ule walielewa kwamba kisomo bila kitabu ni ahadi isiyotimizwa. Sasa tunayo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023. Ni hatua njema, lakini tuzo humfikia mtu aliyekwisha kuandika. Kabla ya kuandika alisoma, na kabla ya hapo alipenda.

Kwa hiyo ombi langu kwa watumishi wenzangu ni dogo. Halmashauri ikipanga bajeti, itenge fungu la vitabu vya hadithi, si vya kiada pekee. Mwalimu akilikuta daftari la njozi, alisome kabla ya kulichana. Fasihi tunayojivunia iliandikwa na karani aliyependa visa vya majini, na hatujui ni nani miongoni mwa hawa wa Visiga anayelificha daftari la namna hiyo leo.